Fulana ya Shombo

Saa tisa na robo za usiku, Shombo,
na wewe unaukwaruza mlango
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Nje kusi linapita uchochoro kwa uchochoro
likijaribu makomeo ya watu.
Mvua si mvua, ni manyunyu,
yale ya kipupwe
yasiyolowesha nguo, yanayolowesha mifupa.

Unataka kutoka.
Kwenda wapi? Nani kakuita?

Mpangaji wa juu, Nyambura,
kazaliwa Kinangop, ambako asubuhi
nyasi huvaa barafu.
Jana kaanika nguo mikono wazi,
kaniona na soksi mbili na leso tatu,
akauliza: "Mama Zuhura,
hii ni baridi, au ni feni?"
Acheke. Kila ngozi na mwezi wake wa saba.

Nilikushonea fulana. Usijifanye umesahau.
Kipande cha flaneli kilichobaki
kwenye nguo ya kulalia ya mjukuu wa Bi Mwanasha,
samawati, yenye vitone vyeupe.
Nilikupima kwa futi kama mteja:
kifua inchi kumi na nne, shingo tisa,
mkia sikuupima,
mkia una mambo yake.
Nikatia vifungo viwili tumboni,
vya kanzu, si vya mchezo.

Ulikaa nayo muda wa chai kupoa.
Kisha ukaanguka ubavu, ukajifanya maiti,
jicho moja wazi
kuona kama nimelia.

Usiku ule nilikufungulia ukiwa umevaa.
Alfajiri ukarudi uchi,
umande masharubuni, pumzi ya dagaa.
Nikakuuliza.
Ukajiramba bega.

Niliitafuta wiki nzima:
juu ya mabati ya kinyozi, ndani ya pipa,
chini ya tuktuk ya Mbwarali.
Ndipo nikamwambia Mbwarali,
paka hupenda injini ikiwa bado vuguvugu,
kabla hujawasha, mwanangu, gonga bodi mara tatu.
Sasa hugonga hata saa saba za mchana, jua la utosi,
kama mtu abishaye hodi kwake mwenyewe.

Juzi nimenunua kahawa kwa Famau, Kibokoni.
Nikakiona kitambaa alichoshikia dele:
samawati, vitone vyeupe,
kifungo kimoja kikining'inia kwa uzi wangu.
Ulimi ulikuwa tayari.
Kisha nikautazama ule mkono,
makovu ya moto juu ya makovu ya moto,
na kile kitambaa kimeukaa
kuliko kilivyokukaa wewe.
Nikanywa kikombe cha pili ambacho sikukitaka.

Haya basi, nimefungua. Toka.

Toka, nimesema.

Lakini wewe, ewe mwana wa haramu mwenye haya,
umesimama kizingitini,
miguu miwili kwangu, miwili kwa dunia,
unanusa manyunyu kama mnunuzi asiye na pesa.
Kutoka hutoki, kurudi hurudi,
na baridi yote ya Mombasa
inapita juu ya mgongo wako
ikiulizia kitanda changu kiko wapi.

Nahesabu mpaka kumi. Mpaka thelathini.
Nyumba ya pili mtoto anakohoa, mama anaamka,
taa inawaka, inazimwa.

Nilipotupa jicho tena hukuwapo.
Hata mkia sikuuona ukienda.

Nimeegemeza ndara mlangoni
nikaacha upenyo. Sikuupima kwa futi,
nimeupima kwa masharubu yako.
Mwizi akija, ataikuta ndara ya mwanamke
na giza linalopiga chafya.